Maji Yapite Uani: Mfongo, Birika au Chemchemi Bandia?

Wanachuo wenzangu, kuna maswali hayaji kwenye mtihani wa semesta lakini yatatukuta tu. Mojawapo ni hili: siku ukijenga, au siku ukipata nafasi ya kuwarekebishia wazazi uwanja wa nyumba, utaweka maji gani bustanini? Najua kuna watakaocheka. Bumu lenyewe halifiki mwisho wa mwezi, leo tunaongelea bustani yenye maji! Lakini hebu fungua simu yako uangalie picha za nyumba zinazorushwa kwenye magrupu. Bwawa dogo la saruji, taa za bluu chini ya maji, sanamu ya samaki anayetema maji saa ishirini na nne. Hapa Moshi ukikatiza Shanty Town (mgeni akisikia jina hilo anadhani ni mtaa wa mabanda, kumbe ndo kwa wenye nazo) unaweza kusikia mashine ya maji ikinguruma nyuma ya ukuta. Na fasheni ikishafika Shanty Town, inapanda mlimani. Watu wanaanza kuiweka kwenye vihamba vya wazazi wao.

Sina ugomvi na mtu anayetaka utulivu. Ninachotaka tujifunze hapa ni kwamba maji ya bustani huchaguliwa kwa kuuliza yanatoka wapi, na yakitoka kwako yanakwenda kwa nani. Umbo la bwawa na rangi ya vigae ni mambo ya baadaye sana. Na kwa swali hilo, sisi tunaosoma chini ya Kilimanjaro hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mwalimu. Yupo, anaitwa mfongo.

Kwa wale waliotoka mikoa mingine, nieleze kidogo. Mfongo ni mfereji wa asili wa Wachagga. Unaanzia juu, kwenye mto au kijito, pale penye banio lililojengwa kwa mawe, magogo, vigogo vya migomba na udongo. Kutoka hapo maji yanaachwa mto na kuongozwa ubavuni mwa mlima, kwa mteremko mdogo mno, mpaka yanafika kwenye migongo ya ardhi iliyo kati ya mabonde, ambako watu wanaishi. Jaribu kulifikiria hilo kama mwalimu wa fizikia au jiografia. Mto uko bondeni, nyumba iko juu mgongoni, na hakuna pampu. Njia pekee ni kwenda kuyachukua maji mbali zaidi juu ya mlima na kuyashusha polepole kuliko mto unavyoshuka. Mteremko ukizidi, maji yanakula udongo na mfongo unabomoka. Ukipungua, maji yanasimama na tope linajaa. Waliochimba hawakuwa na vipimo vya kisasa. Walifuata maji yenyewe, wanachimba kidogo, wanayaachia, wanaangalia. Pale palipo na korongo walivusha maji kwa magogo yaliyochongwa katikati. Charles Dundas, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza hapa Moshi, aliieleza mifereji hii kwenye kitabu chake cha mwaka 1924 kuhusu Kilimanjaro na watu wake, na wakati huo ilikuwa tayari ni ya zamani.

Maji yakifika kihambani yanapita kati ya migomba, kahawa, magimbi na miti mikubwa kama mringaringa na mfuruanje. Hapo ndipo ninaposema kihamba ni bustani ya nyumbani kwa maana kamili ya neno. Kuna kivuli, kuna ndege, kuna sauti ya maji, na kuna chakula. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu, kule Uru, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia. Watu wanasafiri kutoka Ulaya kuja kupiga picha kitu ambacho bibi zetu wanakiita uani tu.

Lakini uzuri huo una masharti. Maji ya mfongo yana zamu. Leo yako upande wa kwenu, kesho upande wa jirani, na zamu inaweza kuwa ya asubuhi au ya mchana, kwa jinsi watu wa mfongo huo walivyokubaliana. Zamani ukoo uliochimba ndio uliokuwa na mwenye mfongo, mzee aliyesimamia ugawaji na kuita watu siku ya kusafisha au ya kutengeneza banio baada ya mvua kulibomoa. Usiyefika kazini unatozwa, au zamu yako inapita bila wewe. Siku hizi sehemu nyingi kuna kamati. Kazi na matambiko ya kule kwenye banio kwa mila yalikuwa ya wanaume, na hapa naomba niseme wazi kwamba huwa nashangaa, kwa sababu aliyebeba maji hayo kichwani kila asubuhi hakuwa mwanaume.

Kitu kingine: maji ya usiku hayakuachwa yapotee. Yalikusanywa kwenye bwawa dogo la udongo ili yatumike mchana. Wachagga wanaliita nduwa, jirani zetu Wapare wana la kwao wanaliita ndiva. Kwa hiyo anayesema bwawa ni kitu cha kizungu hajafika Same. Tofauti ni kwamba nduwa hujaa ili imwagwe. Asubuhi tundu linafunguliwa, maji yanakwenda kazini.

Walio Oman watakuwa wanatabasamu hapa. Kule kuna falaj, mfereji unaoleta maji ya mlimani au ya chini ya ardhi mpaka kwenye mitende na nyumba, na maji yake yanagawanywa kwa muda. Zamani walipima zamu kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Mifereji mitano ya aina hiyo iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Watu wa jangwani na watu wa chini ya theluji hawakufundishana, lakini wote waliona jambo lilelile: maji yanayopita kwako ni ya mwenzako anayesubiri.

Sasa nije kwenye mfano wa karibu, maana nadharia peke yake inachosha. Kwetu mlimani baba yangu mdogo ndiye kitindamimba, na kwa mila yetu kitindamimba ndiye anayebaki na kihamba cha wazazi. Anafanya kazi Dar es Salaam. Desemba, kama mnavyojua, Wachagga wote tunapanda. Basi Desemba moja akaja na mchoro: bwawa la mita 3 kwa 2, kina nusu mita, katikati mawe yaliyopangwa na maji yanatiririka. Eneo alilolichagua ni palepale mfongo unapopita nyuma ya nyumba.

Akamwambia bibi, "Mama, maji si yanapita bure hapa? Tunayazuia kidogo tu, yanajaa, yanaendelea."

Bibi alikuwa anamenya ndizi, hakunyanyua macho. "Yanapita bure kwako. Kule chini kuna mama ana ng'ombe wawili na magimbi, zamu yake ni Alhamisi. Ukiyazuia wewe leo, Alhamisi utamwamkiaje, mwanangu?"

"Mama, ni lita ngapi hizo?"

Swali zuri, tena linajibika, kwa hiyo nilichukua karatasi. Mita 3 mara 2 mara 0.5 ni mita za ujazo 3, yaani lita 3,000, ambazo ni ndoo 150 za lita 20. Hiyo ni kujaza mara moja. Halafu kuna maji yanayopotea hewani. Tukichukulia kwamba siku ya kiangazi uso wa maji unashuka milimita 5, na bwawa lina eneo la mita za mraba 6, hizo ni lita 30 kila siku. Kwa mwezi ni lita 900, ndoo 45. Na bado hatujahesabu yanayonywewa na ardhi, maana bwawa la udongo linavuja na la saruji hupata nyufa.

Bibi hakuhitaji hesabu yangu. Alisema jambo moja ambalo mimi sikuwa nimeliweka kwenye karatasi: "Nyie mnakuja Desemba vuli imetoka kunyesha, mnaona kila kitu kijani. Februari nabaki na nani hapa?"

Hapo baba mdogo alinyamaza. Na kwa maoni yangu hilo ndilo swali la kwanza la mtu yeyote anayetaka kuweka maji kwenye bustani ya nyumbani kwao: mwezi wa pili, jua kali, masika bado, mfongo umekuwa mwembamba kama kamba, na mwenye wazo la bwawa yuko Dar. Nani atalijaza? Bibi wa miaka themanini na ndoo 45?

Waliitwa watu wa kamati ya mfongo. Walikaa, wakapewa mbege, wakaongea. Makubaliano yalikuwa kwamba hakuna kuzuia maji. Siku ya zamu yetu, maji yaruhusiwe kupita kwenye ngazi tatu fupi za mawe kabla ya kuingia kwenye migomba, na yanayobaki yarudi kwenye mfongo chini ya mpaka wetu. Ngazi hizo zipo mpaka leo. Siku ya zamu unakaa pale unasikia maji yanadondoka jiwe hadi jiwe, siku nyingine pamekauka na kuku wanaparua. Baba mdogo ameridhika? Nusu. Anasema ni bustani inayofanya kazi siku moja kwa wiki. Bibi anasema hata kanisa ni siku moja kwa wiki.

Sheria nayo ina neno lake. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali kwa mtu anayechepusha au kuzuia maji ya mto, na kwa mito ya upande wetu wa mlima mwenye kusimamia ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa hiyo ukimwona mtu anajenga kibanda cha mapumziko na bwawa lake mtoni kabisa, hiyo siyo bustani ya utulivu, hiyo ni kesi inayosubiri tarehe. Na tukumbuke maji ya mlima huu hayaishii Moshi. Yanakwenda bwawa la Nyumba ya Mungu, yanaingia mto Pangani, yanafika mpaka baharini. Wengi wanayasubiri.

Je, aliye mjini ambako mfongo haupiti? Ukifungulia bomba la MUWSA kujaza bwawa, maji hayo ni ya kunywa, yametoka kwenye chemchemi, yamelipiwa na mita inasoma. Binafsi siyapendekezi. Angalia juu badala ya kuangalia bomba. Bati lako ndilo banio lako. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Hesabu hiyo ukimfundisha mtoto wa darasa la sita haisahau. Nyumba yenye paa la mita za mraba 60, tukichukulia mvua ya milimita 900 kwa mwaka, inapokea lita 54,000. Toa moja ya tano kwa yanayoruka na kumwagika, unabaki na lita 43,200. Tanki la lita 1,000 linajaa kwa mvua ya milimita 21 tu, na masika ya hapa mvua moja ya usiku inaweza kufikisha hapo. Ushuke juu mlimani, ukianzia mjini kwenda Kibosho au Marangu, mvua inaongezeka kadiri unavyopanda, kwa hiyo wa huko wana utajiri zaidi juu ya vichwa vyao.

Kutoka kwenye tanki, unatoa mrija mwembamba wenye koki, maji yanadondoka kwenye chungu kikubwa au birika la mawe, yakijaa yanamwagika kwenye kitaro kidogo kinachokwenda kwenye migomba au mchicha. Ukitaka kukaa jioni, unafungua koki. Ukiondoka, unafunga. Huo ni mfongo wa mjini, na zamu unajipangia mwenyewe.

Wanaotaka pampu sitawakataza, ila wapige hesabu. Pampu ndogo ya wati 20 ikiwaka mchana na usiku inakula uniti 0.48 kwa siku, sawa na uniti 14.4 kwa mwezi. Ikiwaka saa mbili tu jioni ni uniti 1.2 kwa mwezi. Ukweli ni kwamba hakuna anayekaa bustanini saa tisa usiku. Na umeme ukikatika, bwawa lililotegemea pampu linageuka dimbwi.

Sasa tuongelee sauti, maana kwa wengi wetu ndo sababu yenyewe ya kutaka maji. Kwa nini maji yanayodondoka yanatuliza na bomba linalovuja usiku linakera? Nilipokuwa naandaa somo la sauti kwa kidato cha pili, nilikutana na jibu lililonifurahisha. Tone likiingia kwenye maji linabeba hewa kidogo, hewa hiyo inakuwa kiputo, na kiputo ndicho kinacholia. Mwanafizikia Marcel Minnaert wa Uholanzi alionyesha mwaka 1933 namna ukubwa wa kiputo unavyoamua sauti yake. Kiputo chenye nusu kipenyo cha milimita 1 kinatetema takriban mara 3,300 kwa sekunde. Cha milimita 3 takriban mara 1,100. Kiputo kidogo, sauti nyembamba kali. Kiputo kikubwa, sauti nzito. Kijito kina viputo vya kila saizi kwa mpigo, kwa hiyo sikio halishiki mlio mmoja. Bomba linalovuja lina tone moja, mlio mmoja, kimya, mlio mmoja, na ubongo unakaa unasubiri unaofuata. Ndiyo maana hulali.

Hili unaweza kulijaribu leo hosteli. Chukua ndoo yenye maji kidogo na jagi. Mimina kwa mtiririko mwembamba kutoka urefu wa kidole, halafu kutoka urefu wa mkono, halafu pitisha maji juu ya jiwe kwanza. Badilisha ndoo ya plastiki kwa sufuria. Plastiki inatoa mlio wa uwazi kama ngoma, sufuria inapiga kelele, chungu cha udongo kinameza. Fanya hivyo kabla hujanunua kitu chochote. Maji yanayoanguka kutoka juu sana kwenye bwawa dogo yanatoa kelele ya mvua ya mawe, na wageni wanalazimika kuinua sauti. Maporomoko ya Materuni ni mazuri, lakini hakuna anayetaka kupigia simu pale. Kama nyumba yako iko karibu na barabara ya kwenda Himo na kelele za malori zinakusumbua, weka maji karibu na unapokaa, hatua mbili au tatu hivi, yakiwa madogo. Kuyaweka makubwa mbali, karibu na barabara, kunaongeza kelele juu ya kelele.

Mbu. Hapa sitanii. Maji yaliyosimama yatazaa mbu, na kwa joto letu yai la mbu wa malaria linaweza kuwa mbu mzima ndani ya wiki moja hadi mbili. Huyu anapenda madimbwi yenye jua. Aedes, anayeeneza dengi ile iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, yeye anaridhika na kikombe, kifuu, tairi, sahani ya chini ya chungu cha ua. Mayai yake yanakaa makavu kwa miezi yakisubiri maji. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Ukuta wa chombo lazima usuguliwe. Kanuni yangu ni rahisi: chombo chochote cha maji bustanini kimwagwe na kusuguliwa mara moja kwa wiki, na kama ni kikubwa kiasi kwamba huwezi kukimwaga kila wiki, basi kiwe na samaki. Juu sana mlimani kwenye baridi mbu wanapungua, lakini usitumie hilo kama kisingizio, hali ya hewa ya sasa haitabiriki.

Kuhusu samaki, wazee wa pwani walitutangulia. Kwenye nyumba za mawe za Lamu, bafuni kulijengwa birika la kuhifadhi maji, na ndani yake waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa ya birika wakazika bakuli la kaure, ili siku ya kusafisha maji yakitolewa yote, samaki abaki na maji yake bakulini. Nikisoma kitu kama hicho natamani kusimama na kupiga makofi. Bakuli moja tu, na tatizo la usafi, la mbu na la samaki limekwisha. Ukijenga birika la bustani, acha shimo la aina hiyo katikati. Perege wadogo wawili watatu wanatosha.

Watoto ndio mwisho wa hesabu, ingawa pengine walipaswa kuwa mwanzo. Mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita chache tu, na anazama kimyakimya, hapigi kelele kama kwenye filamu. Nyumba za kwetu hazina uzio kati ya ndugu. Desemba uwanja mmoja una watoto kumi na tano na kila mtu mzima anadhani mwingine anawaangalia. Kwa hiyo kwenye nyumba yenye watoto chini ya miaka mitano, mimi nisingechimba bwawa kabisa. Maji yadondoke kwenye kitanda cha mawe na kupotelea chini kwenye changarawe, kusiwe na sehemu yanapokusanyika. Tayari mna bwawa? Lazeni wavu wa nondo juu ya uso wa maji, usizame hata kidogo. Uwe imara wa kubeba mtoto.

Pembeni mwa maji pandeni magimbi, yanayopenda miguu iliyolowa, na masale, ambayo kwetu ndiyo mmea wa mpaka na wa kuombana radhi, hivyo kwenye maji yanayogawanywa yamekaa mahali pake. Mikaratusi iwe mbali, inakunywa kupita kiasi. Mkuyu nao ni mti wa heshima, nendeni mkauone pale maji ya Chemka jinsi ulivyoinamia maji, lakini karibu na birika la saruji mizizi yake itapasua ukuta.

Kabla ya kumwaga zege, subiri mvua moja kubwa ya masika. Vaa buti, toka nje inaponyesha, ukiwa na vijiti ishirini mkononi. Popote utakapoona maji yanapita yenyewe uwanjani, chomeka kijiti. Fuata mpaka yanapotokea kwenye mpaka wa jirani, na chomeka cha mwisho hapo. Mvua ikikatika, mwite jirani muangalie wote mstari huo wa vijiti, mwonyeshe ni wapi maji ya kufurika ya birika lako yatatokea, na umsikilize atakachosema. Akikubali, anza kuchimba pale vijiti vilipo.